Dragon Age: Origins, gemu ya mali kauli

Habari za siku wadau. Mwenzenu nipo hapahapa mwisho wa reli, Kigoma, nafanya dagaa, yaani nanunua mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nakausha napakia magunia yanaondoka, na kama mnakumbuka mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, hakuna kuvua, samaki wazaliane. Sasa sisi tumezoea kupumzika siku za mbalamwezi tu, zile ambazo mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa na wavuvi wanalala, halafu ghafla unaambiwa pumzika siku 90 na ushee. Wiki ya kwanza nililala. Wiki ya pili nikapaka rangi geti. Ya tatu mke wangu akaniambia we baba tafuta kitu cha kufanya, umeanza kunielekeza namna ya kukata vitunguu.

Ndo dogo, mtoto wa dada yangu, akaja likizo toka chuo na laptopu mbili. Ile ya zamani akaniachia, betri lake limekufa kitambo, inaishi kwa chaja kama mgonjwa wa dripu, ukiichomoa tu inazima. Akanionyesha kialama kimoja pale kwenye skrini akasema anko, humu kuna gemu ya 2009, niliinunua ikiwa kwenye punguzo, sijawahi kuimaliza, inataka mtu mwenye muda. Nikamwambia muda ndo mali pekee niliyobaki nayo.

Gemu yenyewe inaitwa Dragon Age: Origins. Waliotengeneza ni BioWare, jamaa wa Edmonton kule Kanada, ikatoka Novemba 2009 kwenye kompyuta, Xbox 360 na PlayStation 3. Najua wengi wenu mko kwenye magemu mapya na mtaniuliza ya 2009 ya nini saa hizi, subirini kwanza.

Stori kwa ufupi. Kuna nchi inaitwa Ferelden, na chini ya ardhi kuna mazimwi yanaitwa Darkspawn, kila baada ya muda mrefu yanampata joka mkubwa wa kuyaongoza, Archdemon, yanapanda juu kula watu na kuozesha ardhi. Wanaoweza kulimaliza hilo balaa ni kikosi kimoja tu, Grey Wardens, na wewe unaingizwa humo, mara nyingi ukiwa huna ujanja mwingine. Ukiisikia hivyo unaona ni stori ya kawaida, shujaa na joka. Kinachoifanya iwe ya giza ni kwamba joka halipo kwenye shida zako za kila siku, shida zako za kila siku ni watu. Mazimwi yanakuja, wote wanajua yanakuja, na wakubwa wako bize wanagombania kiti.

Na unaanza vipi ndo raha yenyewe. Kuna mianzo sita tofauti, sio kuchagua sura na nguo tu, ni saa moja mbili nzima za maisha yako kabla ya balaa. Unaweza kuwa mtoto wa kabaila ambaye nyumba yao inavamiwa usiku na rafiki wa baba, unaweza kuwa mchawi uliyefungiwa kwenye mnara, elfu wa msituni, elfu wa mjini ambaye harusi yake inavurugwa na mtoto wa mkubwa (elfu ni wale watu wenye masikio marefu, sio elfu ya hela), mbilikimo wa kifalme, au mbilikimo wa chini kabisa. Mimi nilichukua wa chini kabisa. Dogo aliniambia chukua kabaila anko ndo inaanza vizuri, nikakataa, nimezaliwa Ujiji mimi ukabaila nitauweza wapi.

Sasa huyu mbilikimo wa chini, kule mjini kwao Orzammar, mji upo ndani ya mlima, wana matabaka, na tabaka lako wewe halipo hata kwenye orodha. Wanakuchora alama usoni ukiwa mtoto ili kila mtu ajue wewe si mtu. Huruhusiwi kufanya kazi halali, kwa hiyo kilichobaki ni kumtumikia jambazi mmoja anaitwa Beraht, mama yako mlevi, dada yako Rica anafundishwa kujipamba apate bwana wa tabaka la juu maana akizaa naye mtoto wa kiume familia nzima inapanda. Umeona? Hapo bado hujaua zimwi hata moja. Mambo yanakuharibikia, unaingia uwanja wa mapambano umevaa deraya la mtu mwingine aliyelewa chakari, unashinda, wanakuvua kofia wanaona ile alama usoni, jela. Anayekutoa kwenye msala ni Duncan, mkuu wa Grey Wardens wa Ferelden, anapita anatafuta watu. Yaani kuandikishwa jeshi la kufa ndo bahati ya maisha yako.

Halafu Ostagar, ngome kongwe ambako jeshi la mfalme linayasubiri mazimwi. Hapa naomba ambaye hajacheza aruke aya hii, ila kwa kuwa ni mwanzoni tu siharibu sana. Kwanza unapewa damu ya mazimwi unywe, wenyewe wanaita kujiunga. Mlikuwa watatu. Mmoja anakunywa anadondoka palepale. Wa pili ana mke mjamzito nyumbani, akiona mwenzake alivyokufa anagoma, anachomoa upanga, Duncan anamuua huku anamwomba samahani. Wa tatu ni wewe. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai wakati huo nikakiweka chini. Kisha vita yenyewe, mfalme kijana Cailan yuko mbele na Duncan, mpango ni wewe uwashe moto juu ya mnara ili jenerali Loghain aingie na jeshi lake ubavuni. Unapanda mnara unapigana unawasha moto. Loghain anauona moto, anageuka, anaondoka na jeshi. Mfalme anauawa, Duncan anauawa, wote. Na huyo Loghain ni baba mkwe wa mfalme.

Nilikaa nikaangalia skrini. Usiku ule nilimuwaza Loghain mpaka nikakosa usingizi, nikasema nitamkamata.

Hapo ndo nilianza kuielewa. Sisi wa biashara tuna kitu tunaita mali kauli, unachukua mzigo kwa neno lako, hakuna hela, utalipa ukiuza. Siku ya kuchukua ni rahisi sana, unacheka, unapakia. Siku ya kulipa inakuja ukiwa umeshasahau ulichukua gunia ngapi. Hii gemu ni mali kauli mwanzo mwisho. Haina kile kipimo cha wema na ubaya kinachokuonyesha palepale umefanya vizuri umefanya vibaya. Unaamua, maisha yanaendelea, saa 20 mbele mtu anagonga mlango ana daftari.

Na sio madeni tu, kuna faida pia. Mfano kule Ostagar kabla ya vita kuna jamaa anatunza mbwa wa vita, mbwa mmoja mkubwa anaumwa, jamaa anakuomba ukiona ua fulani huko kinamasini uje nalo. Nililiona nikamletea, nikasahau. Baadaye mambo yameshaharibika, natembea njiani, natokewa na kundi la mazimwi na mbele yao anakimbia yule mbwa ananifuata mimi. Mbwa wangu! Alikuwa na mimi mpaka mwisho. Mbwa wa kwenye gemu amenifurahisha kuliko wateja wangu wengine wa kweli, tena huyu halalamiki dagaa wana mchanga.

Tuongelee kucheza kwenyewe maana hii ni rivyu sio hadithi. Unatembea na wenzako watatu, jumla mnakuwa wanne, vita inaenda mbio lakini unabonyeza spesi kila kitu kinasimama, unaangalia nani yuko wapi, unampa kila mmoja kazi, unaachia, unasimamisha tena. Kwa mtu kama mimi ambaye vidole haviko kama vya vijana hii ilinisaidia sana, hapa kinachotakiwa ni akili sio spidi. Kuna pia sehemu unawaandikia wenzako sheria za kufuata wenyewe, kwamba mwenzako yeyote akishuka chini ya nusu ya uhai mtibu, adui akimsogelea mchawi mvute kwako, yaani kama unavyomwachia dukani kijana maelekezo kwamba mteja akitaka kwa mkopo mwambie bosi hayupo. Ukiziandika vizuri unakaa unaangalia kazi inavyofanyika. Ukiziandika vibaya mganga wako anamaliza nguvu zote kumtibu mbwa aliyekwaruzwa wakati wewe unakufa pembeni.

Nilichagua fundi wa kufungua makufuli, mwizi kwa jina lingine. Ushauri wangu wa bure, hakikisha mmoja kati ya wanne anajua kufungua makufuli, la sivyo utapita mbele ya masanduku mpaka ulie. Na usicheze ngazi ya juu mara ya kwanza. Hata ile ya kawaida ina sehemu zinakupiga kweli, mimi kuna zimwi jitu pale juu ya mnara wa Ostagar lilinibeba likanikamua kama nguo mara nne.

Mkitoka vitani mnarudi kambini, moto katikati, kila mtu kakaa kivyake, unazunguka unapiga stori nao. Hapa ndo BioWare walifanya kazi. Alistair ndo mwenzako wa kwanza, Grey Warden mwenzako aliyepona, kijana wa utani mwingi anayeficha huzuni, Duncan alikuwa kama baba yake. Morrigan binti wa mchawi wa kinamasini, mdomo wake ni pilipili, aliyemwekea sauti ni Claudia Black na sijui kama kuna mwingine angeweza. Hao wawili kila wakitembea pamoja wanachambana njia nzima. Kuna Sten, jitu limejaa kimya, utalikuta kwenye kizimba kijijini, ukimletea zawadi unadhani atapenda silaha, kumbe anapenda picha za kuchora. Kila mtu ana zawadi zake, Oghren, yule mbilikimo, pombe, mbwa mfupa. Alistair nilimkuta kidani cha mama yake kwenye meza moja ndani ya ngome ya Redcliffe, alikivunja mwenyewe akiwa mtoto kwa hasira, mtu akakiokota akakiunganisha akakitunza miaka yote. Nikampa. Dogo akaona namna jamaa alivyobadilika sauti akasema anko umeshampata huyo. Mkumbuke hicho kidani.

Redcliffe sasa. Ni kijiji cha wavuvi pembeni ya ziwa, mitumbwi, nyumba za mbao juu ya maji, ngome ya mkubwa iko juu mlimani. Sikutegemea. Nilipoingia nikamwita mke wangu njoo uone hawa nao ziwa limewafunga. Kila usiku maiti zinashuka toka ngomeni zinaua watu, na wewe unaweza kusaidia au ukajiondokea zako, na ukiondoka kijiji kinakwisha kweli, hakikusubiri. Tukasaidia. Nasema tukasaidia kwa sababu mama naye alishavuta kigoda. Fundi chuma amejifungia analewa, binti yake yuko huko ngomeni, hatengenezi silaha mpaka umwahidi utamtafuta. Kwenye duka lililoachwa kuna mapipa ya mafuta, unawaambia askari wayamwage njiani wawashe moto, mke wangu akasema kama mawese hayo hawazimi leo. Usiku ule nusu ya maiti zikatokea ziwani, zinatoka majini zinapanda mchanga, aisee, mimi ni mtu wa mwaloni, ile picha niliipeleka kichwani mpaka kesho yake.

Halafu unapanda ngomeni unakuta chanzo ni mtoto, Connor, mtoto wa mkubwa, kaingiliwa na pepo. Pepo lenyewe lilimjia kwa sababu baba yake anaumwa mahututi na mtoto alitaka baba apone. Machaguo ni haya, umuue mtoto, au mtu mmoja achinjwe kwa uchawi wa damu ili mchawi aingie kwenye ulimwengu wa ndoto kulifuata pepo, na mama yake mtoto, Isolde, anasema nichinjeni mimi. Kuna na chaguo la tatu, kwenda ng'ambo ya ziwa kwenye mnara wa wachawi kuomba msaada. Nikawaza, nikiondoka siku mbili tatu huyu mtoto ataua kijiji kizima nilichokipigania usiku kucha. Mke wangu akasema mama mtu kajitolea mwenyewe, hata mimi ningekubali. Tukamkubalia. Akafa, mtoto akapona, na baadaye Alistair akanigeukia kambini, akanisema kwa hasira kwamba yule ni mke wa mtu aliyemlea, nimewezaje.

Dogo aliporudi kutoka mjini nikamsimulia, akacheka. Anko, ungeenda mnarani hakuna ambaye angekufa. Nikamuuliza na kijiji? Akasema kijiji kinakusubiri tu, hakitokei kitu. Mke wangu alinyamaza siku nzima.

Hapa naomba niiseme gemu bila kuficha, maana nimeisifia sana. Pale Redcliffe imeogopa. Imekuwekea mzani mzuri, imekubana, halafu kwa pembeni imekuachia mlango ambao haudai chochote, unaenda unarudi mtoto kakaa palepale anakungoja kama basi la saa 12. Mimi nilifanya hesabu ya mtu mzima, nikalipa na uhai wa mtu, asiyefikiri sana akapata bure. Kama kawaida yako ni mali kauli basi iwe mali kauli kwa wote. Wangeweka hata nyumba mbili tatu zimeungua ukirudi ningewaheshimu.

Na kosa la pili ni huohuo mnara. Ndani yake kuna sehemu unalazwa usingizi na pepo la uvivu unaingia ndotoni, peke yako bila wenzako, unageuka panya, unageuka mtu wa moto, unageuka jitu la mawe, unapita mlango huu unarudi ule, inachukua saa na masaa. Wanaoipenda gemu hii wengi wao hawaipendi hiyo sehemu, na mimi nimeingia chamani. Nusura niache. Nilitoka nje nikaenda kuangalia mazoezi ya Mashujaa, timu yetu ya mpira, nikarudi bado niko panya.

Muonekano ni wa zamani, nisiwadanganye. Nywele kama ufagio, mapango ya rangi ya tope yanayofanana, miji midogo. Na damu, jamani, mkimaliza kupigana mnabaki mmelowa damu usoni na gemu haijali, unaenda kumtongoza mtu au kuongea na malkia huku unachuruzika. Inazimwa kwenye mipangilio ila mimi niliiacha, inachekesha. Muziki ni wa Inon Zur, mzito, unaingia. Sauti za watu ni za daraja la juu mno isipokuwa wewe shujaa huna sauti kabisa, unachagua maneno kwa kusoma, na Kiingereza chake si cha simu, ni kirefu. Kwa asiyependa kusoma hapa pesa yako itaenda bure. Mimi kilinisaidia, kuna maneno sasa hivi namwambia dogo anafungua kamusi.

Orzammar ndo kilele kwangu. Ukirudi kule kama mbilikimo wa chini, wale waliokutemea mate wanalazimika kukuita Grey Warden, wengine wanakuita huku wamegeuza shingo. Mfalme kafa, wanaogombea ni wawili. Harrowmont mzee mstaarabu, mtu wa neno lake, ila ni wa kushika ya kale, watu wa tabaka letu wabaki hukohuko vumbini. Bhelen, mtoto wa mfalme, mjanja, kila mtu anajua mikono yake ina damu ya kaka yake. Dogo akasema kwa busara ya kawaida chagua Harrowmont. Naingia ikulu nakutana na nani? Dada yangu Rica, kapendeza, ana mtoto mchanga. Wa Bhelen. Na mama yumo humo ikulu ameletwa.

Yaani Bhelen ni shemeji.

Nilicheka mpaka majirani wakasikia. Muuaji ndiyo, lakini shemeji, mtoto ni mpwa wangu na mimi mjomba wake, sasa nimpe kiti mzee Harrowmont nimtupe mpwa wangu? Nikampa Bhelen. Na gemu mwishoni kabisa inakusomea yaliyotokea baadaye, kwamba huyo mshenzi ndo aliyewafungulia njia watu wa tabaka la chini na kufungua biashara na watu wa juu, na yule mzee mwema kumbe angefunga kila kitu. Siyo funzo la kusema uovu unalipa, imekuwekea tu mezani uone. Rafiki yangu wa utotoni Leske, tuliyekuwa tunaiba naye mwanzoni, nikamkuta huko maficho ya majambazi yuko upande wa pili. Huyo sikuwa na cha kuchagua.

Chini zaidi ya Orzammar kuna mapango marefu, na mle kuna sauti ya mwanamke anaimba polepole anahesabu siku, siku ya kwanza walifanya hivi, ya pili hivi, unamsikia kabla hujamuona na unaanza kuelewa mazimwi yanazaliwa na nini. Sitaandika zaidi. Watoto wasiwepo. Nilicheza ile sehemu saa nane usiku, umeme ukakatika katikati, laptopu ikazima, giza tupu, nikabaki nimekaa naogopa kuinuka kwenda chooni, mtu mzima na ndevu zangu.

Hilo la umeme ndo linanileta kwenye kilichoniua. Betri limekufa, kwa hiyo kila umeme ukiyumba napoteza saa nzima. Nikajifunza kubonyeza F5, kusevu haraka, kila baada ya dakika chache, kila baada ya maongezi, kidole kikawa kinaenda chenyewe. Na gemu nayo kwenye laptopu hii ilikuwa inazima yenyewe ikishakaa hewani masaa mengi, ni programu ya enzi za kumbukumbu ndogo, dogo akaiwekea kiraka kile cha kuiruhusu itumie kumbukumbu ya GB 4 ikatulia. Yenyewe inataka nafasi ya GB 20 tu kwenye diski na mashine nyingi za zamani zinaibeba. Mkiitafuta chukueni ile Ultimate Edition, ina na nyongeza zote ikiwemo Awakening ya 2010.

Basi. Baada ya masaa kama 70 nafika kwenye baraza kuu la makabaila, Landsmeet, na Loghain mbele yangu. Tukapigana mimi na yeye, nikamshinda, kapiga magoti. Miezi miwili namtafuta huyu mtu. Na pale anatokea Grey Warden mmoja, Riordan, anasema tuko wachache mno, mnywesheni damu, awe mmoja wetu. Nikafikiria kama mfanyabiashara. Jenerali mzuri, vita kubwa iko mbele, kumuua ni hasara. Nikasema abaki.

Alistair akanitazama. Akasema huyu ndiye aliyemuua Duncan. Nilidhani itakuwa ni zile hasira za kambini, nimpe kizawadi yaishe. Akaondoka. Hakugeuka. Malkia Anora, ambaye ni binti wa Loghain, akataka hata auawe kabisa, nikamwombea walau aondoke nchini salama. Na kidole changu, kile kidole, kikabonyeza F5.

Sevu ya haraka ni nafasi moja tu, mpya inafuta ya zamani. Ile inayojiandika yenyewe nayo ilikuwa imeshasogea mbele. Ya mkono niliyokuwa nayo ilikuwa ya kabla hata sijaingia mji mkuu, masaa nane nyuma, na tarehe ilikuwa 13 Agosti, mwaloni watu wanashona nyavu na kujaribu taa. Sikurudi nyuma. Nikamaliza vita ya mwisho na Loghain pembeni yangu, mkimya, mpiganaji mzuri kweli sikatai, na kila kambini pale Alistair alipokuwa anasimama palikuwa wazi.

Alama nampa nane na nusu kwa kumi, hiyo nusu na moja nimekata Redcliffe na ule upanya.

Dogo amenipigia juzi anataka laptopu yake. Nimemwambia asubiri mbalamwezi ijayo, maana ameniambia kuna ya pili, Dragon Age II ya 2011, na ukiihamishia sevu yako inakumbuka uliyoyafanya. Anasema kuna baa kwenye mji wa Kirkwall, nikiingia nitamkuta Alistair amekaa kwenye meza, amelewa.